Kiroba cha Kokoto Nyeupe

Wete,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwa ndugu yangu Mzee Silima,
Tumbe, nyumba ya nyuma ya mnada wa samaki.

Asalaam alaykum warahmatullah. Nakusalimu weye na bi mkubwa wako, na hao kuku wako waliozoea kulala ndani kuliko wageni. Mie mzima wa afya, ila goti la kulia limejitenga na mwili, linafuata njia yake. Nataraji nawe hujambo, na masikio yako bado yamo likizoni. Hilo la masikio silitaji kwa kukukejeli tu, ingawa kejeli nayo imo. Ndiyo sababu ya kukuandikia. Kukupigia simu ni kuuhutubia mji mzima wa Wete, na weye huko unajibu alhamdulillahi hata ukiambiwa nyumba inaungua. Nikikurekodia sauti, wajukuu wako ndio watakaoisikiliza mwanzo. Na jambo hili silitaki lipite sikio lolote ila lako, maana lako halipitishi kitu.

Mwalimu wetu alikuwa akisema barua itaje dhumuni mapema. Dhumuni ninalo. Nina shida nawe, na shida yenyewe mwisho wake Ijumaa hii kabla ya sala. Lakini nikikutajia sasa utadhani nimeingiwa na wazimu, kwa hivyo naanzia mbali kidogo. Usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Alipofariki mkwe wangu Abdulnasir, mume wa Asma binti yangu, ulikuja maziko ukaondoka na gari ya jioni. Yaliyofuata huyajui. Asma amekaa eda katika nyumba ya mumewe hapa Wete, pamoja na mavyaa wake Bi Tamima, mama wa marehemu, na shemegi yake Haitham, yule mwenye duka la simu anayetembea kama anapimwa nguo. Nyumba ni ya wakwe, si yake. Mtoto hakubahatika kumpata. Mie nikaitwa kutoka Mgogoni nije nikae karibu na mwanangu, nikawekwa chumba cha mbele kama gunia la karafuu linalosubiri bei.

Kazi yangu humu ni moja, nayo ni samaki. Abdulnasir, Mungu amrehemu, alikuwa na tangi la kioo pale ukumbini, alilileta kwa boti kutoka Unguja amelipakata kama mwari. Mna samaki wa dhahabu na mmoja mweusi, macho yamemtoka kama mtu aliyesakamwa na muhogo. Chini palitandikwa changarawe za buluu, zinang'ara kama peremende. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajakoga kwenda sala, marehemu alizisafisha changarawe hizo kwa mkono wake, na Asma akimshikia ndoo. Nyumba nyengine asubuhi ya Ijumaa huwakogesha watoto. Wao walikuwa wakikogesha mawe.

Utasema mawe yaliyo ndani ya maji yana uchafu gani. Nami nilisema hivyo hivyo. Kumbe samaki ni kama wageni wa harusini, wanakula na kumwaga, na walichomwaga kinazama baina ya changarawe, na hicho chengine wanachotoa nacho kinazama huko huko. Kinaoza chini, maji yanakuwa sumu, na juu unayaona safi kabisa. Ukiwaona samaki wanakuja juu kuhema, ujue chini kumeharibika. Dawa yake ni mpira. Ncha moja unaichomeka ndani ya changarawe, ya pili unaivuta kwa mdomo, kisha unaishusha haraka kwenye ndoo. Changarawe zinaruka ndani ya mpira, zinacheza, zinashuka tena, na uchafu unakwenda na maji. Siku ya kwanza nilichelewa kutoa mdomo. Ladha yake sikwambii, ila tangu siku hiyo nawaheshimu samaki kwa uvumilivu wao.

Asma hatoki kuja ukumbini kwa kuwa wanaingia wanaume, kwa hivyo hunielekeza akiwa nyuma ya pazia. Ataniambia baba usitie sabuni. Ataniambia baba usisafishe zote kwa siku moja, nusu leo na nusu wiki ijayo, maana marehemu alikuwa akisema ule utelezi ulioshika kwenye mawe ndio uhai wa samaki, ukiuondoa wote kwa pamoja wanakufa. Nikamuuliza kama marehemu aliacha usia wowote kuhusu magoti ya wazee. Akacheka, Silima. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu maziko. Nikasema basi, nitanyonya maji haya mpaka kiyama.

Kanuni hiyo ya nusu tuliivunja siku moja tu, nayo ni siku ya hitma, na hapo ndipo balaa ilipoingia. Watoto wa waliokuja kuhani msiba walikuwa wamewalisha samaki pilau, halua na sambusa nzima ya nyama. Tangi likanuka ukumbi wote. Asma akanituma niwatie samaki ndooni na nitoe changarawe zote nikazioshe uani. Huko uani wanawake walikuwa kwenye kisomo. Desturi yetu unaijua, kokoto nyeupe za pwani zimetiwa kwenye beseni, kila moja inasomewa tahlili na kuhamishiwa beseni la pili, na zikisha zinapelekwa kutandazwa juu ya kaburi. Bi Tamima mwenyewe alikuwa mbele, anasoma na machozi yanamdondokea mikononi. Mie nikaziosha za kwangu pembeni, nikazifunika kanga, nikaliacha beseni karibu na yale yao nikaenda kuvuta pumzi.

Walipomaliza, Haitham alisimama mlangoni kusubiri kiroba cha kupeleka kaburini. Mie ndiye niliyekipokea kutoka uani nikampa. Kisha nikaletewa beseni langu, kanga ile ile juu yake, nikaenda kumimina tangini. Nikaziona nyeupe. Nikashtuka, nikajiambia Haroub, umesugua mpaka umetoa rangi. Zama zetu hizi kanga mpya ikifuliwa mara moja inakuwa kitambaa cha meza, nikaona kumbe na mawe ndiyo hivyo hivyo. Nikanyamaza kwa haya. Asma naye hakuuliza. Ila tangu siku hiyo hakuniruhusu tena kumwaga maji ya tangi mtaroni. Kila nikimaliza, hutaka ndoo iwekwe kwenye mlango wa uani, akaimwage mwenyewe kwenye shina la mlangilangi. Nilidhani anautia mbolea.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Jirani yetu Bi Mwanapili alikuja siku moja kumtazama Asma, akasimama mbele ya tangi. Akanambia yule mweusi anamkodolea macho na kufunua mdomo kama mtu mwenye neno. Mie nikamwambia amsalimie, kwani huyo ndiye Abdulnasir mwenyewe, Asma kamhifadhi humo mpaka eda iishe. Nilitaraji atacheka. Alikaza kanga yake kichwani akaondoka bila ya kunywa chai, na yule kama hakunywa chai ya bure ujue hakucheka.

Hapa petu Pemba, ndugu yangu, kuna mizaha isiyofanywa. Najua. Nimezaliwa hapa, nimeona watu walionong'onezwa jina lile la mchawi mara moja tu, na tangu hapo hakuna aliyekwenda kwao kuomba chumvi. Nilijua, na ulimi ukanitangulia.

Zikaja mvua. Mvua kubwa, ile ya kung'oa migomba. Ilipopumzika, Haitham akaenda kuzuru kaburi la nduguye, akakuta kokoto nyeupe za juu zimesombwa na chini yake pana buluu. Kifua kizima cha kaburi kinang'ara buluu. Akafunga chache kwenye leso, akarudi nazo nyumbani, akasimama mbele ya tangi. Alikuwa akilijua tangi la nduguye, ingawa tangu maziko yeye na mama yake walikuwa hawalitazami kwa uchungu. Akatazama mawe meupe yaliyomo, akatazama ya buluu mkononi mwake, wala hakunisalimu.

Kufika jioni ilikuwa imeshaunganishwa. Samaki anayekodoa macho, mawe ya tangi juu ya kaburi, na mwanamke asiyekuwa na mtoto ambaye mumewe kafa ghafla. Ile presha iliyomuua ikasahauliwa. Watu waliokuwa wakileta uji wa Asma wakaacha kuleta. Mmoja alirudisha hata bakuli letu, akaliweka nje ya mlango, hakubisha hodi. Haitham akasema wazi kwamba gari ipo, na Asma atarudishwa Mgogoni, eda haijaisha wala nini. Weye unajua mwanamke akitolewa eda na wakwe zake kwa jina hilo, anakwenda kuishi vipi Mgogoni, au popote kisiwani humu.

Jumamosi baada ya alasiri tukakaa kikao ukumbini. Shehe wa msikiti wetu, Bi Tamima, Haitham, Bi Mwanapili kama shahidi, na mie. Asma nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa linakwenda na kurudi kwa pumzi zake, na mie sikuona kitu chengine humo ila pazia. Haitham akafungua leso akayamwaga yale mawe juu ya sinia. Bi Mwanapili akaeleza habari ya samaki, na alipoulizwa nani aliyemwambia, akasema si mtu baki, ni baba mzazi wa Asma. Wote wakanigeukia.

Nikasema ulikuwa mzaha. Silima, nimefanya mizaha maisha yangu yote, na siku nilipotaka kuaminiwa kwamba nilifanya mzaha, hakuna aliyeniamini. Haitham akanijibu kwa adabu yake ile ya kukata, kwamba mzee mzima hamtanii maiti wa watu ila kama anajua jambo. Nikaona nisipotoa kitu, mwanangu anaondoka leo. Ndipo nikasema kwamba mabeseni niliyachanganya mie. Nikasema macho yangu ni ya kupambia uso tu, niliweka beseni la changarawe pamoja na yale ya kokoto, mawe ya samaki yakaenda kwa marehemu na yaliyosomewa yakaja kwa samaki. Na nilipoona nyeupe nilidhani nimetoa rangi kwa kusugua. Hapo hata Shehe alijikohoza kuficha kicheko. Ukweli wangu hawakuutaka, lakini ujinga wangu waliuamini papo hapo.

Haitham tu ndiye aliyebaki na neno. Akauliza kama ni kosa la beseni, kwa nini kirobani nyeupe zilikuwa juu na buluu chini, maana yeye ndiye aliyekisimamisha kaburini akakichana, na siku ile aliona nyeupe tu. Nikamjibu kwamba nilichota huku na huku. Nilijibu haraka, na wakati nikijibu moyo uliniambia hukuchota, Haroub, ulipokea kiroba kimeshafungwa.

Shehe akasema mawe ni mawe, na dua ilikwisha kumfikia marehemu tangu ilipotoka vinywani. Akamwonya Bi Mwanapili juu ya ulimi wake, na mie akaniangalia tu, ikawa mbaya zaidi. Lakini Bi Tamima hakutulia. Akanambia kwa sauti ya chini kwamba yeye si mjinga, anajua mwanawe hakugeuka samaki. Ila mama asiyejua kimewekwa nini juu ya kifua cha mwanawe halali usingizi. Akasema anazitaka zile kokoto alizozisomea yeye, zitoke tangini zote, apelekewe beseni lake lile lile limejaa kama lilivyokuwa, azione kwa macho yake Ijumaa kabla ya sala, kisha Haitham azipeleke. Zikipungua au zisipotoka, maneno ya gari yatarudi pale pale. Mama aliyezika hajibiwi.

Jumapili nikakaa kwenye tangi kuanza kazi. Nilipojaza ndoo ya kwanza, Asma akasema kutoka nyuma ya pazia nimpe akaimwage kwenye mlangilangi. Hapo mpira ukanitoka mkononi. Nilikumbuka maji ya kombe, yale yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Maji yaliyopita kwenye kitu kilichosomewa hayamwagwi panapokanyagwa, na hilo analijua kila mtu. Lakini yeye hakuanza jana kunikataza mtaro. Ameanza siku ya hitma, kabla ya mvua na kabla ya leso ya Haitham, wakati mie bado nadhani nimetoa rangi.

Nikamwita jina lake tu. Akanambia. Ndugu yangu, hili ndilo ninalokuandikia, na sijamwambia kiumbe. Mabeseni hayakuchanganyika. Asma aliyabadilisha mwenyewe, wanawake walipomaliza kusoma wakainuka kwenda kusali adhuhuri. Kirobani alitia za buluu, akafunika juu kwa nyeupe, akafunga. Alisema wanaume walimchukua mumewe wakenda naye na yeye akabaki ndani, hakumfikisha hata mlango wa nje. Changarawe zile zilikuwa zimeshikwa na mikono miwili kila Ijumaa, ya mumewe na yake, hakuwa na kitu chengine chenye mikono yote miwili. Akaona zimfuate. Na zile dua zilizosomwa, akataka zibaki ndani ya nyumba, karibu naye, ndani ya tangi analolisikia likibubujika. Akasema hakufikiri mvua. Akasema pale kikaoni nilipojitwika mie, alishika pazia alifungue aseme kweli, akaliachia.

Nikachomeka mpira tena kwenye changarawe, nikanyonya, maji yakanijaa mdomo mzima, yakawa ndiyo kisingizio cha machozi.

Tulipotulia nikamwambia Bi Tamima ana haki na zile kokoto, kwa kuwa machozi yaliyo juu yake ni yake. Akasema anajua. Nikamwambia akisema ukweli atatoka nyumba hii, na hakuna Shehe atakayeweza kulizuia lile jina. Akasema anajua hilo pia. Hakusema azifiche zote. Aliniuliza tu kama zikitolewa zote kwa siku moja samaki wataishi. Nikatazama lile tangi, na yule mweusi ananikodolea, na nikajikuta nasema maneno ya marehemu. Nusu. Tutoe nusu, tuache nusu. Nusu ya kokoto zilizosomewa ziende kwa Bi Tamima na kaburini, nusu zibaki chini ya samaki wa Asma. Na zile za buluu zilizoko kule zifunikwe tu, nani aliyetumwa kuzifukua. Pazia likafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukanipa upawa wa kuchotea. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Sasa umeona shida yangu. Beseni la Bi Tamima lazima lijae, na nusu hailijazi beseni. Pwani ya huku ni matope na mikoko, kokoto nyeupe za namna ile zipo huko kwenu, na mie nikionekana nachota kokoto hapa Wete wiki hii, basi nichimbe na kaburi langu huko huko. Nakuomba kiroba kimoja. Chagua ndogo, nyeupe, zisizo na vigamba wala matumbawe yenye ncha, kiasi cha kokwa ya ukwaju au ndogo zaidi. Mpe dereva wa pikapu ya samaki aliyekuletea barua hii, anapita Wete kila asubuhi, mwambie ni za Haroub za kuwekea tangi, naye hatauliza kitu kwa kuwa ameshaniona mwendawazimu. Mie nitazisugua zote pamoja, za zamani na mpya, kwa chumvi, mpaka zisijuane.

Na usinitumie kavu. Kaa nazo hapo barazani kwako uzisomee, kila moja, kama ilivyo desturi. Kwa nia ya Abdulnasir mwana wa Tamima. Sitaki kumpa mama wa watu mawe matupu. Ukikosea hesabu usijali, Mungu anajua kuwa hesabu ndilo somo ulilotoroka mwanzo. Za kwangu nimeanza kuzisoma tangu jana, kokoto hazijafika bado, nasoma kwa vidole.

Kama ni dhambi sijui, na Shehe siwezi kumuuliza. Nimekuuliza weye kwa kuwa tumekosea pamoja tangu udogo wetu na mara nyengine ulikuwa unajua pa kukomea. Usinijibu kwa barua. Pikapu ikifika Alkhamisi na kiroba, nitajua umesema tufanye. Ikifika na samaki watupu, nitajua umesema tusifanye, nami nitamwambia Asma afunge nguo zake mwenyewe kabla hajafungiwa, na nitamshika mkono tutoke kwa mlango wa mbele, mchana, tukitazamwa.

Barua hii ukishaisoma iwashie jiko la chai. Msalimie bi mkubwa, mwambie ule muhogo wake wa nazi bado naukumbuka, ila samaki kwa sasa nimeachana nao. Wote wa huku wanakusalimu, hata wale wasiojua kama nakuandikia.

Wasalaam. Ni mie ndugu yako,
Haroub wa Mgogoni,
uliyetoka naye kwa dirisha siku ya mtihani.